Maswali yenu: kuunganisha kwa joto mirija ya katheta (mirija myembamba inayoingizwa mwilini kwa matibabu)

Nikipasha joto maungio ya mirija miwili, tundu la ndani linaziba. Nifanyeje?

Usipashe mrija mtupu. Pitisha ndani kijiti cha chuma kinachoenea vizuri kwenye tundu, kilichopakwa PTFE, plastiki isiyonata, ili plastiki ya mrija isigande juu yake. Kisha vika juu ya maungio kipande cha mrija wa plastiki iitwayo FEP, ule unaosinyaa ukipata joto. Hapo plastiki iliyoyeyuka haina pa kukimbilia: FEP inaibana kwa nje, chuma kinaizuia kwa ndani. Nailoni 12, aina ya plastiki ya kutengenezea katheta, huyeyuka kabla ya nyuzi 180 za Selsiasi, FEP karibu na 260, kwa hiyo gamba la nje hubaki zima na baadaye unalipasua na kulitupa. Subiri vipoe ndipo uchomoe kijiti. Tafadhali sana, hapa msiwe na haraka. Kiungo kikiwa bado na moto huvutika, ukuta ukawa mwembamba upande mmoja, na kwa macho usione kitu.

Vipovu vidogo vinatoka wapi?

Mara nyingi ni unyevu. Nailoni na poliyurethani hufyonza maji kutoka hewani, na maji hayo hugeuka mvuke plastiki inapoyeyuka. Kausha mirija kwanza. Vikiendelea, punguza joto. Huenda plastiki yenyewe inaungua.

Silikoni na PVC zinaungana?

Kwa joto, hapana. Silikoni ikishaiva haiyeyuki tena.

Kiungo kikiwa laini na safi, kimefaa?

Bado. Chukua sampuli uzivute mpaka zikatike. Kiwango cha kimataifa cha katheta, ISO 10555-1, kinataka katheta yenye kipenyo cha nje cha milimita 1.85 au zaidi ihimili nguvu ya kuvuta ya nyutoni 15. Ya kuanzia milimita 1.15 lakini isiyofika 1.85, nyutoni 10. Lakini msiishie kwenye namba, tazameni imekatikia wapi. Ikikatika kwenye mwili wa mrija, mbali na maungio, plastiki zimeshikana kwelikweli. Nyuso mbili zikiachana zikiwa safi, hazikuchanganyika, na kundi la mirija lililotoa sampuli hiyo mimi nisingelipitisha hata kama namba imefika. Kipande kinachokatikia ndani ya mshipa kinaweza kuchukuliwa na damu hadi kwenye moyo au mapafu. Mkibadilisha joto, muda au aina ya plastiki, rudieni kuvuta upya.