Wadada wafupi wembamba, kabla hujakata pindo angalia bega

Nina futi 4 na inchi 11, kilo 42 na miaka 33. Miaka naitaja makusudi kwasababu watu wa mwisho kuiamini ni makonda. Juzi tu nimesimama kituoni Tabata asubuhi, daladala imekuja, konda kaweka mkono mlangoni ananiambia "denti subiri wakubwa waingie kwanza", nikatoa kitambulisho cha kazi nikamuonyesha, akabadilika hapohapo, "aa samahani mama, pita". Yaani kutoka denti mpaka mama kwa sekunde mbili, katikati hapo hamna mtu wa kuniita dada.

Ila niwe mkweli, siku hiyo nilikuwa nimevaa blauzi niliyoitoa kwenye rundo la nguo za watoto pale Karume, ina kakola ka duara na vifungo vya maua, kwa hiyo konda hakukosea sana. Na hicho ndo kimenifanya niandike, maana nikiwaangalia wadada wa umbo langu naona wengi bado wako pale nilipokuwa mimi miaka kumi iliyopita. Ukienda duka la wakubwa unaelea ndani ya nguo, ukienda ya watoto inaingia lakini unatoka kama unaenda kipaimara, basi unanunua ya wakubwa unampelekea fundi unamwambia "nikatie hapa chini". Hapo kwenye kukata chini ndo tunapopoteza hela.

Mwenzenu nilijifunzia ukumbini. Send-off ya binamu yangu, nimenunua gauni refu Kariakoo, zuri kweli, saizi S, nimeliona tu nikalipenda nikajiambia urefu utakatwa. Fundi akakata kama sentimita 15 chini akapiga ovaloki akakunja, mbele ya kioo changu cha chumbani ambacho kinaonyesha nusu mtu nikaona niko sawa. Kufika ukumbini kwenye mwanga, loh! Pale gauni lilipotakiwa kubana kiuno lilikuwa linabana hipsi, tumboni kitambaa kimejikusanya kama nimeficha khanga, na kwapani kumeachia mpaka sidiria inaonekana pembeni, usiku mzima nimebana mikono kama kuku aliyelowa na wenzangu wanaserebuka. Shangazi yangu mmoja akanivuta pembeni kwa huruma kabisa akaniuliza, "mwanangu, hili gauni umeazima kwa nani?"

Nililipeleka kwa fundi mwingine, mama mmoja mtu mzima anashonea barazani kwake hukuhuku Tabata, nikamwambia naomba anibane kiunoni. Hakulishika hata gauni. Akachukua uzi akanifunga kiunoni, akaweka futikamba kwenye ule mfupa wa nyuma ya shingo akashuka nayo mpaka kwenye uzi, 36. Ndo akalaza gauni mezani akapima sehemu hiyohiyo, 41. Akaniangalia juu ya miwani, "sasa mwanangu hizi tano zipo huku juu, wewe umeenda kukata kule chini zinahusiana nini?"

Hizo sentimita tano ndo ugonjwa wote. Nguo ya mtu mrefu haijazidi chini tu, imezidi kidogo kidogo kila mahali, bega mpaka kwapa, kwapa mpaka kiuno, kiuno mpaka hipsi, hipsi mpaka goti. Ukikata chini umeondoa jumla yake lakini kila kitu kimebaki kilipokuwa, kiuno cha nguo kiko kwenye hipsi zako, mfuko uko pajani, goti la suruali liko kwenye ugoko.

Kwahiyo kitu cha kwanza nachokwambia, jipime, na usijipime kiuno na hipsi tu kama watu wanavyofanya. Pima bega hadi bega kwa nyuma, pima mfupa wa shingo hadi kiunoni, pima kiuno hadi goti, na ndani ya mguu kutoka juu kabisa hadi kwenye kifundo. Mimi vyangu viko kwenye simu na futikamba inakaa kwenye pochi. Sokoni nalaza nguo juu ya rundo napima bega, wauzaji wanacheka, mmoja huwa ananiita "fundi", poa tu. Ukienda mtumbani vaa taiti na tisheti ya kubana ili uweze kujaribisha hapohapo juu ya nguo zako, chumba cha kubadilishia hakuna na muuzaji akikushikia khanga kila mtu anaangalia.

Halafu nunua kwa bega. Bega likikaa, vingine vinatengenezeka. Ubavuni fundi anaingiza ndani, kiunoni anabana, chini anakunja, kazi ya elfu tatu elfu tano na unasubiri hapohapo. Lakini bega likidondoka ni mpaka afumue mkono mzima, akate, achonge kwapa upya, arudishe mkono, na kama ni koti lenye bitana ndo usiseme, nusu ya mafundi watakukatalia na ile nusu nyingine bora wangekukataa. Nina koti moja la suti lilikuwa zuri sana. Lilikuwa.

Sketi ndo rafiki yetu, ila na yenyewe ina ujanja wake. Kama ina mpasuo au marinda au ua limepita chini, usimruhusu fundi akate chini, mwambie afumue mkanda wa kiunoni akate juu halafu arudishe mkanda na zipu, unabaki na mpasuo wako kamili na ua lako. Anaweza akakwambia ni usumbufu, muongeze hela kidogo. Suruali shida yake sio urefu wa mguu, urefu unakunjwa, shida ni pale kati, kutoka kiunoni hadi miguu inapogawanyika. Ikiwa ndefu pale utakaa unaivuta juu siku nzima na katikati inaning'inia kama nepi, na hilo sijaona fundi wa kulimaliza vizuri, kwahiyo suruali ikikataa pale irudishe tu kwenye rundo hata kama ni buku. Jinzi zinazotanuka chini nazo ukikata chini umekata ule utanuzi wenyewe, unabaki na suruali ya kawaida uliyoinunua bei ya fasheni.

Sasa lebo. Hapa nimeteseka sana kabla sijaelewa, maana mtumba unatoka dunia nzima na kila nchi inaandika ya kwake. Ukikuta lebo ya Ulaya imeandikwa 146, 152 au 158 hizo ni sentimita za urefu wa mtoto mwenyewe, sio za nguo. Mimi nina 150 kwahiyo 152 ndo yangu, na raha yake ni kwamba urefu wa juu mpaka kiunoni unakuwa umekaa. Tatizo la nguo ya mtoto ni kwamba mtoto hana kifua wala hipsi. Kwahiyo kwenye rundo la watoto mimi natafuta vitu ambavyo havijali, makoti, masweta, mashati ya sare yale meupe, kaptula za michezo, ila gauni la kubana naliacha na chochote chenye paka kifuani nakiacha pia.

Nguo za Kariakoo za Mchina angalia ile lebo ndogo ya ndani, sio ile S au M iliyoshonwa shingoni ambayo haina maana yoyote. Nyingi zina namba kama 155/80A. Hiyo 155 ni urefu wa mtu aliyekusudiwa na 80 ni mzunguko wa kifua kwa sentimita, na kwenye suruali na sketi ile namba ya pili inakuwa kiuno. Hiyo herufi ya mwisho ni umbo, A ndo la kawaida, Y ni mtu ambaye kiuno kimeingia zaidi ukilinganisha na kifua. Ukiona 150 au 155 shika, ukiona 165 na kuendelea hiyo imeshonewa mtu wa kukuzidi kichwa, hata ikiandikwa S kubwa kiasi gani.

Za Marekani na Uingereza tafuta neno PETITE au herufi P imekaa pembeni ya namba, mfano 4P. Wenyewe wanamaanisha mtu asiyefika futi 5 na inchi 4, kama sentimita 163, na nguo zao wamezifupisha sehemu zote, bega, kiuno, mpaka mfuko umepandishwa, ndo kile fundi wangu alichokuwa anakisema. Lakini usidanganyike na S/P, hiyo ni ndogo tu imeandikwa kwa lugha mbili, P ya Kifaransa, urefu wake ni wa watu wote. Mimi nilibeba tatu kwa furaha siku ya kwanza.

Na ukiona namba za Kimarekani hazieleweki usijione mjinga, wenyewe zimewashinda. Walipima karibu wanawake 15,000 mwaka 1939 na 1940, na vipimo vya wasiokuwa weupe wakaviweka pembeni, baadaye 1958 wakatoa viwango rasmi vya saizi na mwaka 1983 serikali ikavifuta, toka hapo kila kampuni inajiandikia. Kwenye vile viwango vya 1958 saizi 8 ilikuwa kifua inchi 31, ambayo ni kama sentimita 79, yaani karibu na mimi kabisa. Leo saizi 8 yao nikiivaa naweza kumkaribisha mdogo wangu ndani na tukafunga zipu. Wameziongeza nguo upana huku namba ikibaki ileile ili mnunuzi ajisikie mwembamba, sasa sie tuliokuwa wembamba kweli tumesukumwa mpaka sifuri na nyingine sifuri mbili.

Ndo maana mwisho wa siku nguo zangu nyingi nashona. Kitenge wapendwa! Sisi pande la yadi 6 linatutosha gauni na blauzi na kitambaa cha kichwa na bado kinabaki, kwahiyo omba vipande vyako, fundi akikwambia kimeisha mwambie mbona mimi ni huyu huyu. Kifue kitenge kwanza kabla ya kushona maana vingine vinarudi, na kwetu sentimita mbili ni nyingi. Maua makubwa sana siyapendi, sio kwamba yanafupisha, hizo habari za mistari ya wima na rangi moja juu mpaka chini mimi sijali, ni kwamba ua moja linamaliza kifua chote na kama limekaa upande mmoja unaonekana umepinda. Na ukienda kwa fundi usimwambie "nishonee kama hii" umeshika picha ya mdada wa futi sita, mpelekee nguo yako moja inayokukaa vizuri aiweke mezani aipime. Ile blauzi yangu ya zamani ya kahawia imezaa nguo kumi na moja mpaka sasa.

Dera nalo watu wanakata chini wanaua ile nakshi ya pindoni. Dera pandisha mabegani. Fundi anashona mabegani kushuka chini sentimita nne tano hivi, shingo inapanda (maana kwetu huwa inatuachia wazi mno), chini panabaki na ua lake, na kwapa limerudi mahali pake. Dakika kumi imeisha.

Sare za harusi kataa kabisa kushonewa kwa kukadiriwa. Kamati inasema tumechukua S mbili, M sita, L nane, wewe sema naomba kitambaa changu mkononi. Watakuona una maringo. Bora maringo kuliko kuulizwa umeazima kwa nani.

Viatu namba 34 na 35 na sidiria za kifua kidogo ambazo sio za mabinti wa darasa la sita ni mada nyingine ndefu, sidiria hasa nina hasira nazo, ntaziandikia siku yake. Saivi natoka kuchukua gauni langu kwa yule mama wa barazani, harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo ila mimi nilimwambia ni Jumamosi iliyopita.