Barua kwa Zaituni: ulichoniuliza kuhusu upelelezi

Bombo, Jumapili jioni

Mwanangu Zaituni,

Waalaykum salaam. Mama yako anakusalimu, anasema ukija umletee ile dawa yake ya macho.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema ukiwa zamu ya usiku unasikiliza visa vya mauaji kwenye simu, na hakuna kisa kisicho na askari aliyeharibu mambo. Ndipo ukaniuliza: "Baba, miaka yote ile upelelezi, mlikuwa mnakosea wapi?" Umeuliza kwa adabu, lakini mshale nimeuona.

Tulikosea kwa kufungua faili tukiwa na jina la mtu tayari. Mtu kafa, au inasemekana kafa, na kabla hujashuka garini kijiji kizima kimeshakutajia muuaji. Jina ni tamu kwa askari aliyechoka. Ukishalishika, kinacholielekea unakiandika, kisicholielekea hukioni.

Mtazame Edmary Mpagi, wa huko Masaka, hapa kwetu Uganda. Alikamatwa 1981 pamoja na binamu yake, na mwaka 1982 wakahukumiwa kunyongwa kwa kumuua jirani. Jirani mwenyewe alikuwa hai! Mashahidi waliapa, na kwa alivyosimulia Mpagi, hata daktari alisimama kudai aliichunguza maiti. Faili lilikuwa na kila kitu isipokuwa marehemu. Na kesi ikishafika juu, majaji wa rufaa wanasoma karatasi ulizowaandikia. Hawapandi bodaboda kwenda kijijini kuuliza. Binamu alifia gerezani 1985. Mwaka 1999 watu 28 walinyongwa gereza la Luzira, Mpagi akiwa humo humo ndani. Alitoka mwaka 2000, kwa msamaha wa Rais. Msamaha wa kosa lipi, mimi sijaelewa mpaka leo.

Watu wa visa vyako watasema kungekuwa na vipimo vya DNA. Vya nini? Ilitosha askari mmoja kuuliza kaburi liko wapi.

Kanungu, kusini-magharibi mwa nchi, ilikuwa kinyume chake: miili ilikuwepo, majina hayakuwepo. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa la kundi la kidini la Joseph Kibwetere liliteketea na mamia ya watu ndani, na neno lililotangulia likawa kwamba wamejiua wenyewe. Siku chache baadaye mashimo yakaanza kufichuka, Rugazi, Rushojwa, hadi Buziga kule Kampala, yamejaa watu waliokufa kabla ya moto. Wafungwa wakaletwa kufukua kwa majembe. Kule kanisani mabaki yakasukumwa na tingatinga kwenye kaburi moja. Shimo lile ndilo lilikuwa ushahidi, mwanangu: nani yuko juu ya nani, kamba imefungwa vipi, nguo ya nani. Hakuna hata mmoja aliyepandishwa kizimbani, na Kibwetere kama alikufa au alitoroka, watu bado wanabishana.

Kuhusu kamera za barabarani ulizozitaja, zilikuja baada ya Kaweesi, yule mkubwa wa polisi, kupigwa risasi Kulambiro, Kampala, mwaka 2017. Sawa. Lakini washukiwa wa kesi hiyo walifika mahakamani na vidonda miilini, na mtu aliyepigwa atakutajia jina lolote. Tunarudi kule kule kwenye jina.

Wala si kwamba hatukufundishwa. Tangu rufaa ya Nabulere, kesi iliyohusu shahidi kumtambua mtu, mwishoni mwa miaka ya 1970, majaji wanataka kujua shahidi alimwona mtu kwa mwanga gani, kwa umbali gani, kwa muda gani, na kama alimfahamu kabla. Maswali manne tu. Nimesoma maelezo ya mashahidi yasiyo na hata moja. Mengine niliyaandika mimi.

Sasa nikuambie langu, maana najua ndilo ulilokuwa unalitafuta. Mwaka wangu wa tatu kazini, kituo sikitaji, tuliitwa alfajiri. Kijana amekatwa panga uani kwao. Afande akaniacha nilinde, yeye akaenda kumkamata aliyetajwa. Waombolezaji wakaanza kuingia. Mama wa marehemu akanijia: "Mwanangu, wageni watakaa wapi penye damu?" Nilikuwa na miaka ishirini na minne, naye ni rika la bibi yako. Ufagio nilimletea mimi mwenyewe, na jivu la kumwagia.

Nyayo zilikuwepo, Zaituni. Za gambuti, kubwa, zimeelekea migombani. Nilizitazama zikifagiliwa.

Aliyetajwa alikaa rumande miaka minne, kisha jaji akamwachia kwa kukosa ushahidi. Siku hiyo nilikuwa mahakamani. Alipokuwa anateremka kizimbani amevaa kandambili, niliangalia miguu yake. Midogo, kama yako.

Baba yako