Rangi bapa kwenye mchoro wa wino: ushauri kwa anayeanza

Wengi wanaoanza kupaka rangi michoro ya wino kwa kompyuta huulizia vivuli na mwanga kwanza. Hatua ya rangi bapa, yaani kujaza kila eneo rangi moja isiyo na kivuli, wanaipita mbio. Nakusihi usiifanye hivyo. Sehemu kubwa ya shida utakazopata baadaye kwenye vivuli huwa imeanzia hapo.

Kwanza uelewe rangi bapa zina kazi gani. Kazi yake si kupendeza. Ni ramani ya maeneo: hapa nywele, hapa ngozi, hapa shati, ili kesho ukitaka kutia kivuli kwenye shati peke yake ulikamate kwa mguso mmoja. Kwenye vitabu vya katuni vya Marekani wapo watu wanaolipwa kwa kazi hii tu. Wanatenganisha maeneo, kisha faili inakwenda kwa mpakaji rangi mkuu, ambaye anaweza kubadilisha karibu kila rangi aliyoikuta. Hilo halimsumbui, mradi mipaka iwe safi. Kwa hiyo usipoteze saa nzima ukitafuta kahawia inayofaa. Hakikisha tu kwamba maeneo yanayopakana yanatofautiana waziwazi, na kama kuna watu wawili wenye ngozi ya rangi moja, mmoja mpe rangi iliyosogea kidogo ili uweze kumchagua bila kumgusa mwenzake.

Kuhusu wino wenyewe nitasema kwa ufupi. Skani mchoro kwa nukta 600 kwa inchi, kisha rekebisha weusi na weupe mpaka karatasi iwe nyeupe kabisa na wino uwe mweusi kabisa. Mistari ikae kwenye leya yake ya juu (leya ni tabaka la picha), katika hali ya malitiplai (multiply) ili weupe usionekane, na leya hiyo uifunge. Rangi zote ziingie kwenye leya iliyo chini yake. Usipake rangi kamwe kwenye leya ya wino.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo ningependa kila anayeanza alishike kuliko yote: kuzima ulainishaji wa kingo (anti-aliasing). Programu nyingi huja na mpangilio huo ukiwa umewashwa, na wengi hawajui kwamba upo. Kuza picha mpaka asilimia 400, uangalie pale shati jekundu linapokutana na mkono wa kahawia. Ulainishaji ukiwa umewashwa, utaona katikati yake safu ya pikseli (vinukta vinavyounda picha) ambazo si nyekundu wala si kahawia, ni mchanganyiko wa zote mbili. Kwa macho mpaka unaonekana laini na mzuri. Lakini chukua kile kifaa cha kuchagua kwa rangi, chenye alama ya fimbo, ukiweke sifuri kwenye kufananisha rangi, yaani kikamate rangi ile ile tu, uguse shati, kisha ulibadilishe liwe bluu. Ile safu ya katikati itabaki na wekundu wake wa zamani, uzi mwembamba kuzunguka shati lote. Ukiongeza kipimo hicho ili uikamate, unaanza kula mkono. Hapo ndipo watu wanapokaa siku nzima wakisafisha kingo kwa brashi ndogo.

Kwa hiyo zima ulainishaji kwenye kifaa cha kamba (lasso) kinachochagua eneo kwa kulizungushia mstari, kwenye fimbo na kwenye ndoo ya rangi inayojaza eneo zima kwa mguso mmoja. Kwa kuchora tumia kalamu yenye ukingo mkavu: programu za Photoshop na GIMP zote zina kifaa cha penseli kwa ajili hiyo. Najua meno meno yatakutisha mwanzoni. Usiogope, yanafichwa na mstari wa wino uliopita juu yake. Mahali pasipo na mstari, kama maua yaliyochorwa kwenye kitambaa kwa rangi tupu, fanya kazi kwenye picha kubwa kisha uipunguze mwishoni; kule kupunguza kwenyewe kutalainisha kingo.

Ndoo ya rangi inavutia kwa sababu ni ya haraka, ila ina matatizo mawili. La kwanza ni kwamba inasimama pale kijivu cha ukingo wa wino kinapoanza, ikaacha uzi mweupe kando ya mstari. Dawa yake ni kutanua eneo ulilochagua kwa pikseli mbili au tatu kabla ya kujaza, ili rangi iingie chini ya wino. La pili ni kuvuja: mstari ukiwa na mwanya, rangi inamwagika ukurasa mzima. Programu ya Clip Studio Paint ina mpangilio wa kuziba mianya. Programu ya Krita tangu toleo la 4.0 la mwaka 2018 ina njia ya kuweka alama chache za rangi, nayo ikajaza kwa kufuata mistari. GIMP iliongeza ujazaji unaotambua mistari katika toleo la 2.10.10 la mwaka 2019. Zote zitumie, zinaokoa muda. Lakini hazielewi ulichochora. Zikikutana na mistari ya kukatizana ya kivuli zitakupa vijieneo vidogo vidogo kibao, na zikifika kwenye ncha za nywele zitakisia.

Ndiyo maana bado naitegemea zaidi kamba. Zungushia umbo zima la mtu, ukipita katikati ya unene wa wino, ulijaze rangi moja. Kisha funga sehemu zisizo na rangi kwenye leya hiyo ili usiweze kutoka nje ya umbo, ndipo uanze kugawa ndani. Anza na kilicho nyuma, umalizie na kilicho mbele. Mkono ukiwa umepita mbele ya shati, shati lipake moja kwa moja mpaka juu ya mkono bila kujali, halafu mkono uukate kwa uangalifu juu yake. Mpaka ule ule hukuwa na haja ya kuufuata mara mbili. Ukizoea mpangilio huu utashangaa jinsi kazi inavyokwenda upesi, na hakuna vishimo vinavyobaki kati ya eneo na eneo.

Kabla hujasema umemaliza, zima leya ya wino uangalie rangi peke yake. Weka chini yake leya ya waridi kali: penye tundu patapiga kelele. Pita na fimbo eneo baada ya eneo, uone kama linachagulika lote na kama hakuna pikseli iliyopotea kwenye eneo la jirani. Ni kazi ya dakika chache, na ni hapa ninapoitambua kazi ya mtu makini.

Leya ya rangi bapa ikishakuwa safi, ifunge. Vivuli vipake kwenye nakala yake au kwenye leya mpya, ili ile ya asili ibaki ya kuchagulia. Faili ihifadhi kama PSD au TIFF, aina za faili zinazoweza kutunza leya bila kuharibu pikseli. Usiihifadhi kama JPEG, kwa sababu mfinyazo wake unachanganya rangi kwenye kingo na kuzirudisha zile pikseli za katikati ulizokwepa tangu mwanzo. Kama mtu anataka kuona ulipofikia, mtengenezee JPEG ndogo ya pembeni, na ile faili yenye leya iache kama ilivyo.