Modeli ya ukuaji wa bakteria: itazame pale inapokosea

Wengi wanaoanza kuunda modeli za kihesabu za vijidudu hukimbilia milinganyo mingi. Baada ya miaka kadhaa ya kuhangaika na data za bakteria, nakushauri uanze na mlinganyo mmoja mfupi, kisha utafute mahali unapopishana na vipimo.

Mchukue E. coli, bakteria wa utumboni. Akipata chakula tele kwenye nyuzijoto 37, hugawanyika karibu kila dakika 20. Chakula kikipungua, mlinganyo wa Jacques Monod, mwanabiolojia Mfaransa, hutuonyesha kasi ya ukuaji itashuka vipi. Una vigezo viwili tu: kasi ya juu kabisa, na kiwango cha chakula kinachoifanya kasi hiyo kuwa nusu. Vyote vinapimika maabara. Kigezo kisichopimika mimi hukikataa, hata kama kinaipendezesha grafu.

Monod mwenyewe aliwapa bakteria mchanganyiko wa sukari mbili. Wakakua, wakasimama, wakaanza kukua upya: walikuwa wakimaliza glukosi kwanza, ndipo wajiandae kwa laktosi. Angelainisha mstari ule kwa vigezo vya ziada, kile kituo kingefutika. Kukifuatilia ndiko kulikosaidia kueleza jinsi jeni zinavyowashwa na kuzimwa, kazi iliyompa yeye na wenzake wawili Tuzo ya Nobel mwaka 1965.

Kwa hiyo chora grafu zako kwa skeli ya logi (kila hatua sawa ni kuzidisha mara ileile), maana huko ndiko vituo vya namna hiyo huonekana. Na ukipima wingi wa bakteria kwa mwanga unaopita kwenye sampuli, zimua sampuli nzito, la sivyo kipimo kitasoma chini ya ukweli.

Umbo la koloni, yaani kundi la bakteria waliokua pamoja, lina mtego wake. Koloni ya bakteria Bacillus subtilis kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria) ngumu yenye chakula haba huota matawi. Ncha iliyotangulia hufikia chakula mapema, hukua haraka, na hutangulia zaidi. Hakuna seli inayohitaji ramani. Lakini njia nyingi tofauti za kihesabu huzaa matawi yanayofanana, kwa hiyo picha nzuri kwenye skrini haijathibitisha chochote. Pima kasi ya ukingo wa koloni. Kwa mlinganyo wa Fisher wa mwaka 1937, unaoeleza jinsi kundi linalokua linavyosambaa, kasi hiyo hufuata kipeuo cha pili cha kasi ya ukuaji: ukuaji ukiwa mara nne, ukingo usonge mara mbili. Usiposonga hivyo, hapo ndipo uanze kuongeza mlinganyo wa pili.