Mtu mzima akae wima: jibu langu kwa swali la baiskeli ya starehe

Swali lenu la wiki hapa gazetini lilikuwa hivi: mtu mzima anayetaka baiskeli ya kustarehe, si ya kazi wala ya mashindano, anunue ipi? Na mkaweka picha ya ile baiskeli ya bichi ya Kimarekani, bichi kruza, usukani mpana uliopinda kumrudia mwendeshaji, matairi manene, siti pana yenye springi. Nilitaka kusoma nipite zangu lakini hapo kwenye "si ya kazi" pamenishika. Mie ni mshonaji hapa Tanga, nakaa Sahare na kibanda changu kiko Ngamiani, baiskeli ndo inanipeleka kazini kila kukicha na kusema kweli hakuna kingine kwenye siku yangu kinachonistarehesha kama hiyo safari. Sasa nani kasema kazi na starehe haziwezi kupanda baiskeli moja?

Kwa hiyo naomba nijibu kidogo pembeni. Kabla ya kuuliza ununue ipi, tuulizane kwanza utakaaje juu yake.

Wa Tanga mnanielewa, mji wetu ni tambarare na baiskeli ni za watu wote, wazee wa kanzu, wanafunzi, wauza mikate, mama na mtoto kwenye keria, hakuna wa kukushangaa. Lakini hata huku kuna mtindo umeingia, mtu akishapita arubaini daktari anamwambia sukari inapanda fanya mazoezi, basi anakwenda dukani anauziwa mauntini baiki, ile baiskeli ya milimani, ya gia ishirini na moja, usukani uko mbele huko, siti nyembamba ngumu, anaendesha kainama pua inakaribia tairi, haupiti muda viganja vina ganzi, shingo haigeuki, baiskeli inaegeshwa uani watoto wanaanikia nguo, na yeye anawaambia watu umri umekwenda. Umri haujaenda popote jamani, umekalishwa vibaya!

Na hili lina sababu zake, si deko. Ukiinama, sehemu ya uzito wako inabebwa na mikono, ndo maana siti za watu wa mashindano ni nyembamba, haibebi mwili mzima ile. Ukikaa wima uzito karibu wote unashukia kwenye ile mifupa miwili ya makalio, kwa hiyo siti inatakiwa iwe pana na springi zake. Ukichanganya mambo utaumia tu, ukikaa wima kwenye siti nyembamba inakukata, na ukiinama kwenye siti pana inakuchubua mapaja. Mie nashinda nimeinamia cherehani, mgongo wangu umeshainama vya kutosha kwa siku, sina haja ya kuja kuinama tena barabarani.

Baada ya kuona picha yenu nikaenda kusoma habari za hiyo baiskeli ya bichi. Kumbe mwanzoni haikuwa ya bichi wala ya watu wazima. Mwaka 1933, Marekani imebanwa na mdororo wa uchumi, kampuni ya Schwinn ya Chicago ikatoa baiskeli ya matairi manene ya inchi 2.125, imetengenezwa ifanane na pikipiki, na waliokuwa wanauziwa zaidi ni watoto na vijana. Nzito, gia moja, breki unarudisha pedeli nyuma. Miaka ya 1970 vijana wa California wakazichukua zile kuukuu, wengine wakazipeleka ufukweni, wengine wa upande wa Marin wakawa wanashuka nazo mlima Tamalpais kwa kasi mpaka breki ya nyuma inapata moto grisi inaungua, inabidi wafungue wapake upya. Na huko mlimani ndo ikazaliwa mauntini baiki! Yaani hiyo inayowaumiza watu viganja ni mjukuu wa hiyo mliyoweka kwenye picha. Hili limenifikirisha sana, kwamba watu walianza na kitu cha kukaa vizuri, wakakibadilisha kwa sababu wao wanashuka mlima, afu sisi tusio na mlima tukauziwa kile cha mlimani.

Sasa hapa lazima niwaeleze siku niliyonunua ya kwangu, maana jibu langu lote liko humo.

Kontena la mtumba wa Japani lilikuwa limefunguliwa, zile baiskeli za kikapu ambazo kina mama wa Japani wanaendea sokoni na kubebea watoto, zimepangwa zimeegemeana hata pa kupita hakuna. Mie jicho langu likatua kwenye moja nyekundu, rangi inang'aa, gia sita. Pembeni yupo fundi mzee ambaye Ngamiani yote tunamwita Babu. Nikamwamkia, shikamoo Babu, marahaba mwanangu, afu akaniuliza umependa nini hapo. Nikamwambia rangi. Akasema rangi haipandwi. Akaanza kunihoji pale pale. Unavaa nini siku nyingi? Dera, nikitoka mbali baibui. Unabeba nini? Vitambaa, na mara mojamoja cherehani ya mkono. Unapita wapi? Nikamtajia njia yangu mpaka pale tunapovuka reli. Akanyamaza kidogo, akazama katikati ya zile baiskeli akaivuta moja ya kijivu, kikapu kimebonyea, stika ya Kijapani bado imebandikwa kwenye fremu, na ile kufuli ya duara ya gurudumu la nyuma imefungwa na funguo haipo.

Nikasema Babu, hii? Hakunijibu, akachukua msumeno wa chuma akaanza kukata kufuli.

Ikaachia. Akainua nyuma akazungusha gurudumu kwa mkono, akasogeza sikio karibu na habu, pale katikati ya gurudumu, kusikiliza gololi. Akabadilisha gia moja, mbili, tatu, akanionyesha kwamba cheni haihami popote, gia ziko ndani ya habu, na cheni yenyewe imefunikwa juu na chini kwa hiyo dera halina pa kunasa. Fremu iko chini, huvushi mguu, unaingia tu. Stendi ni ya miguu miwili, unaweza kupakia mzigo na baiskeli haiangushwi na uzito. Breki ya nyuma alipoibana ikapiga kelele mtaa mzima ukageuka, akasema hiyo ndo tabia yao, tutaisafisha itapungua lakini haitaisha, uizoee.

Afu akaniambia panda. Weka kisigino kwenye pedeli, shusha mguu mpaka chini kabisa. Goti likiwa limekunjwa, siti iko chini mno, na hapo ndo magoti yanapoharibikia. Akapandisha. Tena. Akapandisha. Mpaka mguu ukanyooka na kisigino bado kimegusa pedeli. Ukiendesha unakanyaga kwa mbele ya nyayo, goti linabaki na mkunjo mdogo, hapo hapo panatosha. Mie nikaogopa, nikamwambia Babu mbona chini nagusa kwa vidole tu, akasema ukisimama shuka kwenye siti usimame na miguu yako, fremu ya chini hii inakuruhusu, we unataka kukaa kitini huku umesimama? Ila aliona hofu yangu akashusha kidogo, kama upana wa kidole. Akalegeza usukani akauinua, akaugeuza mpaka viwiko vikashuka vyenyewe, akasema shika hivyo hivyo kama umeshika sinia la chai ya wageni. Mabega yangu yakashuka. Nadhani yalikuwa yamepanda tangu asubuhi na sikujua.

Nikatoa hela. Akaisukuma. Akasema nenda Raskazone urudi, uniambie wapi panauma, hela baki nayo.

Nikaenda. Relini nikavuka kwa kuikabili reli moja kwa moja kama alivyoniagiza, ukiiendea mshazari tairi linaingia kwenye mfereji na unalala. Nikapita mjini, nikashika ile barabara ya Bombo. Ilikuwa jioni, upepo wa baharini unanipiga kifuani, na ukikaa wima upepo unakukamata wote, nikarudisha gia ya kwanza nikaendelea taratibu. Maeneo ya hospitali nikakutana na wifi yangu anatoka kuona mgonjwa, akasimama kabisa katikati ya njia, "Wifi! Na utu uzima huu?" Nikamjibu ndo utu uzima wenyewe huu wifi, ujana ningepanda bodaboda. Akaizunguka, akashika siti akaibonyeza, akabonyeza tena, kisha kwa sauti ya chini akaniuliza zinauzwa wapi. Nikafika mpaka karibu na klabu ya kuogelea, nikageuza, na kurudi upepo uko mgongoni, sikukanyaga hata nusu ya njia, macho yako juu naona bahari kati ya miti, naona watu usoni na wao wananiona, naitikia salamu. Ukiwa umeinama huoni hayo, unaona lami.

Nilipofika Babu akauliza, wapi panauma? Nikasema hapa, kwenye shina la kidole gumba. Akalegeza mikono ya breki akaielekeza chini kidogo, akakaza. Akauliza tena, na sasa? Ndo akapokea hela yake.

Nimeandika marefu najua lakini ndo jibu lenyewe, starehe ya mtu mzima inapatikana pale fundi anapokuuliza unavaa nini na wapi panauma. Nilitaka niishie hapa niseme hiyo baiskeli ya bichi ni ya kupigia picha, mtumba wa Japani unatutosha.

Ila kuna kaka yangu. Haki lazima itendeke na mie najibu gazeti zima, si wanawake wafupi wa Tanga peke yao. Kaka ni mrefu, na nyonga moja inamsumbua. Kwenye ya kwangu magoti yanagonga usukani hata siti ukiipandisha mpaka mwisho. Phoenix je, baiskeli ya kiume ya heshima, inakukalisha wima vizuri tu, lakini lile bomba la juu lazima uvushe mguu, na nyonga haitaki. Alikuwa ameshaacha. Mwaka jana mtoto wa shangazi alikuja kutoka Dar na hiyo ya bichi, ile aina ambayo pedeli zimesogezwa mbele ya siti, kampuni ya Electra ya California ndo iliitangaza sana. Sikuelewa faida yake mpaka nilipomuona kaka juu yake. Siti iko chini nyayo zote zinatua ardhini, na bado akikanyaga mguu unanyooka kwa sababu pedeli iko mbele, haiko chini yake. Yaani ile hofu niliyokuwa nayo mie kwa Babu, huyu haimpati. Akaondoka nayo kuelekea pwani ya Sahare, tukangoja, tukangoja, aliporudi hakutaka kushuka, akazunguka tena nyumba.

Kwa hiyo kama mnataka jibu la swali lenu lilivyoulizwa, basi ndiyo, nyonga au magoti yakikusumbua, au ni mrefu, na mji wako ni tambarare, nunua hiyo ya kwenye picha ukiiweza, maana bei yake imeuacha mtumba mbali sana. Mie sibadilishi yangu. Na wa Lushoto msithubutu, pedeli zikiwa mbele ni tabu kusimama juu yake kupanda mlima, na uzito wa chuma hicho ni wako wewe kuusukuma.

Angalieni breki pia. Zile za kurudisha pedeli nyuma ni nzuri kwa mvua na hazitaki waya, lakini cheni ikichomoka huna breki tena, kwa hiyo usiichukue isiyo na breki ya mbele. Sisi wa pwani chumvi inakula kila kitu, ukipata fremu ya aluminiamu ni bora, na cheni ipanguse kabla ya kuipaka mafuta, msimiminie oili chafu ya gari juu ya mchanga.

Na tairi, hili wengi linawaliza. Imeandikwa inchi 26 usidhani inchi 26 zote ni moja. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi, ile ya kipenyo cha rimu kwa milimita. Ya bichi yenye 26 kwa 2.125 ina namba 559, sawasawa na mauntini za inchi 26, tairi na tyubu zake kila duka zipo. Ya Japani yenye 26 kwa 1 3/8 ni 590, haiingii kwenye rimu ya ile hata ulazimishe. Phoenix ya 28 kwa 1 1/2 ni 635. Kabla hujatoa hela nenda kwa fundi wako na hiyo namba umeiandika kwenye simu, muulize anayo ngapi dukani, na kama hana muulize anaitoa wapi.