Kura ya bangi ya tiba ilishinda, mbona mahakama iliifuta?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Dada yangu anaishi Mississippi. Anasema mwaka 2020 walipigia kura bangi ya tiba, ikapita kwa kishindo, halafu mahakama ikaifuta. Inawezekanaje? Mimi niko Florida, nina grini kadi. Dawa za saratani zinanitapisha sana, na daktari amesema naweza kupata kibali cha bangi.

JIBU: Pole sana kwa maradhi, ndugu yangu. Dada yako hajakosea. Kura yenyewe haikuwa na kasoro, kasoro ilikuwa kwenye sahihi za kuiomba. Katiba ya Mississippi ilisema sahihi zinazotoka wilaya moja ya uchaguzi wa Kongresi zisizidi moja ya tano ya zinazotakiwa. Kifungu kiliandikwa wakati wilaya ni tano. Baada ya sensa ya 2000 zikabaki nne. Piga hesabu: nne mara asilimia 20 ni 80. Hata jimbo zima likitia sahihi, mia haifiki! Mei 2021 Mahakama ya Juu ya jimbo ikashikilia maneno kama yalivyoandikwa. Mimi ningetazama nia ya walioyaandika, lakini sikuulizwa. Bangi ya tiba ilihalalishwa Februari 2022, safari hii na wabunge.

Kwenu Florida ni habari nyingine. Kubadili katiba kunataka asilimia 60, ndiyo maana mwaka 2014 walipata karibu 58 wakashindwa, kisha 2016 wakapata 71. Kwa kuwa imo kwenye katiba, wabunge wanaweza kuipangia utaratibu, si kuifuta. Lakini jimbo la Utah mwaka 2018 wapiga kura waliipitisha kama sheria ya kawaida tu, si kwenye katiba. Kura Novemba, Desemba wabunge wakaiandika upya.

Sasa hiyo grini kadi, na hapa ndipo ninapotaka usome taratibu. Kura ya Florida haiifungi serikali ya shirikisho. Tangu 2019 mwongozo wa idara ya uraia unasema kutumia bangi, hata iliyo halali jimboni, kunaweza kukuharibia kigezo cha mwenendo mwema unapoomba uraia. Usichukue kibali kabla ya kuonana na wakili wa uhamiaji. Na muulize daktari kuhusu dronabinoli: ni vidonge vilivyoidhinishwa na serikali ya shirikisho kwa kichefuchefu cha dawa za saratani pale dawa nyingine zikishindwa, na huandikwa kwa cheti cha kawaida cha daktari.