Rili ni breki: maswali ya wavua mshipi

Kaskazi imeanza kupuliza na meseji zimejaa, kila mtu anauliza rili gani mpya (kile chombo cha kukunjia uzi kwenye fimbo), fimbo gani mpya. Nimechukua tano tu maana nafasi ndio hii hii. Wale wawili mliouliza rangi ya rili inayovutia samaki mnisamehe, samaki haioni rili.

SWALI: Shikamoo mzee. Nimevua kwa mshipi wa mkono tangu mdogo, sasa nimejichanga laki tatu nataka fimbo na rili yake. Dukani kuna moja wanasema ina beringi 14 na breki ya kilo 20, nyingine bei ile ile ina beringi 5 tu. Nichukue ipi? (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hesabu ya beringi ni kama zile kamera nne nyuma ya simu ya elfu themanini, tatu kati yake ni mapambo. Beringi tano nzuri zilizofungwa vizuri zinashinda kumi na nne za bati zinazopiga kutu mwezi wa pili. Na hizo kilo 20, yaani mzigo ambao samaki lazima auvute ndipo uzi uteleze kwenye rili, usizisikilize kabisa, wewe breki ya kilo 20 unaipeleka wapi umekaa kwenye ngalawa, samaki akikaza utaingia wewe majini.

Cha kufanya ni hiki. Mwambie muuzaji akutilie uzi kidogo kwenye bobini (kile kigurudumu uzi unapokunjwa), kaza breki nusu, alafu vuta uzi kwa mkono polepole. Ukitoka laini, mfululizo, hauna kelele, hiyo ni rili. Ukitoka kwa kushtuka, unakwama unaachia, unakwama unaachia, rudisha hata kama imeandikwa Kijapani, kwa sababu pale inapokwama ndipo uzi unapobeba mzigo wote peke yake na kolekole anapochomoka mara ya kwanza atakukatia hapo hapo. Ndani ya breki kuna washa tu, visahani vyenye tundu katikati, zimepangwa kama sahani, za kaboni ndio zinatoa uzi laini hata zikipata moto, zile za kitambaa kizito zinafaa kwa changu na samaki wadogo wadogo.

Na we usijione mgeni wa kitu hiki. Miaka yote hiyo breki ilikuwa vidole vyako, ukisikia anachomoka unaachia, ukisikia amechoka unavuta. Rili inafanya kazi hiyo hiyo, ila inabidi uipimie kabla hujatoka nyumbani. Chukua dumu la lita 5, lijaze maji, hapo una kilo 5 na zaidi kidogo. Funga uzi kwenye mshikio wa dumu, elekeza fimbo chini ili uzi utoke moja kwa moja kwenye rili, alafu nyanyua. Kama uzi wako unakatika kwa kilo 15, breki iwe inaanza kuteleza pale dumu linapotaka kuacha sakafu, yaani theluthi ya nguvu ya uzi, usizidishe. Dumu likinyanyuka lote kama ndoo ya kisimani, legeza.

Kuna jambo moja wengi hawalijui, samaki akishavuta uzi mwingi bobini inakonda, na ikikonda breki inakuwa nzito bila wewe kugusa kitu. Ikifika nusu ya upana wake wa mwanzo basi breki ni mara mbili. Ndio maana mtu anakwambia nilimpigania dakika ishirini akanikatia mwishoni, alikuwa anazidi kukaza wakati ilitakiwa alegeze.

Kwa laki tatu chukua rili ya ukubwa namba 5000 au 6000, na fimbo angalia unasimama wapi. Ukivulia juu ya mawe au ufukweni, mita 2.7 kwenda juu ili urushe mbali. Ukivulia kwenye ngalawa au mtumbwi usinunue mti mrefu, mita 1.8 inakutosha, na ikiwezekana iwe ya fibaglasi maana ile ya kaboni ni nyepesi tamu lakini ukiisimamisha wima samaki akiwa chini ya chombo inapasuka kama muwa.

SWALI: Mzee wetu, salama? Nimenunua ule uzi wa kusuka, ule mwembamba, nikajaza rili yote. Siku ya kwanza nimeshika kitu kikubwa, nazungusha mkono lakini hakiji, breki nimekaza mpaka mwisho na bado uzi watoka tu. Siku ya pili mwamba umenikatia mara tatu. Nirudi kwa nailoni? (Dada wa Kilifi)

JIBU: Salama dada. Siku ya kwanza breki haikuwa na kosa, uzi wote ulikuwa unazunguka juu ya bobini kama pete kwenye kidole chembamba. Uzi wa kusuka unateleza, hauwezi kuuma chuma kilicholainishwa. Toa wote, anza na nailoni mizunguko kumi na tano hivi, hiyo ndio inashika bobini, alafu unga ule wa kusuka juu yake. Ukikosa nailoni hata utepe wa fundi umeme unafanya kazi.

Ya pili, hapana usirudi. Uzi wa kusuka wenye unene kama wa 0.28 milimita unabeba karibu mara tatu ya nailoni ya unene huo huo, na hauvutiki kama mpira, samaki akigusa tu chambo unamsikia mkononi hata kina cha mita sitini. Lakini ni mwoga wa mawe. Nyuzi zake ni nyembamba kama nywele, jiwe likizigusa huku zimekazwa kwisha. Kwa hiyo mbele yake unatia nailoni nene au floro (uzi mgumu usioonekana sana majini), ya milimita 0.8 kwa miamba ya huko kwenu, urefu mita mbili tatu, kolekole akikimbilia kwenye matumbawe ndio hiyo inasuguana. Ukimtafuta nguru ongeza kipande kifupi cha waya mbele ya ndoana maana meno yale ni mkasi, lakini kwa kolekole waya wa nini, anauona na anakukimbia.

Fundo la kuunganisha hizo mbili ndio kazi. Wanalitumia sana lile la FG, kusokota uzi wa kusuka juu na chini ya nailoni mara ishirini, unalowesha mate, unakaza mpaka rangi ya uzi inabadilika inakuwa kama nyeusi kidogo. Isipobadilika hujakaza. Jifunzie nyumbani kwenye kiti, usijifunzie majini. Na usiuzungushie mkononi ukivuta uliokwama, mimi kidole hiki cha shahada kina kovu, uzi uliingia mpaka pakaonekana peupe, nilikuwa nauvuta kwenye mwamba kwa ubishi tu. Zungushia kijiti.

SWALI: Huku ziwani nikitoka na fimbo watu wa mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, wananicheka, wanasema hilo ni dude la wazungu. Nataka sangara wakubwa. Vifaa vya baharini vinafaa au nitafute vya kwake? (Msomaji, Musoma)

JIBU: Wacha wacheke, wazungu ndio hao wanapanda ndege mpaka Rubondo kumfuata sangara yule yule mnayemkaanga.

Vya baharini vinafaa na chenji inabaki, maana maji yenu hayana chumvi, zile rili ghali zilizozibwa kwa sili za mpira za kuzuia maji kila upande huzihitaji. Hela hiyo iweke kwenye uzi na kwenye chambo bandia kinachozama, vile vya mdomo mrefu wa plastiki vinavyochimba mita nne tano ukivikokota kando ya mawe. Sangara hana meno ya kukata, watu wakiona hivyo wanafunga uzi mwembamba, alafu anageuka tu na lile funiko la shavu lina ncha kama msumeno, uzi kwisha. Tia nailoni ya milimita moja mbele. Breki iwe nyepesi kidogo kuliko ya baharini kwa sababu sangara mkubwa anaruka anatikisa kichwa, ukiwa umekaza ndoana inachana mdomo inatoka. Gia ya rili usitafute ya kasi, ile ya 4.9 kwa 1 (mkono ukizunguka mara moja uzi unazungushwa mara 4.9) inatosha, ni kama gia ya mlima kwenye baiskeli, inavuta mzigo, ya 6 na kitu ni ya wale wanaorusha popa, chambo bandia kinachoelea na kupiga maji, na kurudisha mbio mbio. Na mdogo chini ya sentimita 50 mrudishe, iko kwenye sheria.

SWALI: Assalamu alaykum. Niko Muscat, narudi Pemba mwezi ujao, ndugu yangu anavua Wete. Hapa maduka yamejaa vitu, nimeona mpaka rili ya umeme. Nimpelekee nini? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Ya umeme iache hapo hapo dukani. Inataka betri ya volti 12 na ni ya wanaovua chini sana, mita mia mbili na zaidi, na ndugu yako akikamata samaki wa rekodi nayo haitaandikwa, IGFA, wale wanaosajili rekodi za uvuvi duniani, hawakubali rili ya mota.

Mpelekee vitu vidogo ambavyo Wete atazunguka siku nzima asivipate. Koleo lenye mdomo mrefu lisiloshika kutu, lenye kile kidomo cha kufungulia pete za chambo, mtu akishatumia hilo hawezi tena kufungua pete kwa kucha. Mkasi wa kukata uzi wa kusuka, kisu hakiukati kinautafuna tu. Tochi ya kichwani yenye taa nyekundu, inamwachia macho yake usiku. Ndoana za mviringo, zile ambazo ncha imeinamia ndani, samaki akimeza zinateleza mpaka pembe ya mdomo, na mwambie asiivute fimbo kwa nguvu akihisi ameguswa, azungushe tu rili taratibu, atabisha lakini mwambie.

Na kama ana rili tayari, angalia namba iliyoandikwa chini yake umnunulie seti ya washa za kaboni na kijikopo cha grisi ya breki. Bei yake si kubwa na rili yake itakuwa kama mpya. Wenzake huko Oman wanaowafuata kolekole wakubwa visiwa vya Hallaniyat wanabadilisha hizo kila msimu.

SWALI: Rili yangu ina mwezi mmoja tu inakwaruza, na kila nikirudi naiosha vizuri kwa mpira wa maji. (Msomaji, Pangani)

JIBU: Mpira ndio uliokuponza. Presha inasukuma chumvi na mchanga ndani ambako hakukuwa nao, hata mimi nimeua moja hivyo hivyo, tena ya kuazima. Kaza breki kwanza ili maji yasiingie kwenye washa, mwagia maji baridi kidogo kidogo kama unamwagia mtoto, futa, weka kivulini, ikikauka legeza breki yote isilale imekazwa. Saa hizi shika kile kigurudumu kidogo uzi unapopita, kwenye ule waya unaofunguka, kizungushe kwa kidole. Mara nyingi beringi ya hapo ndio inakufa kwanza, ni ndogo kama punje ya hindi, unatoa skrubu moja unabadilisha. Kama hapo pako laini basi kelele iko kwenye gia, usiifungue mwenyewe, nipigie picha utume.